Kesi ya madai na huna wakili: uanzie wapi, uombe vipi

Mtu akishtakiwa kwa mauaji, Mahakama Kuu humpangia wakili anayelipwa na Serikali, hata kama mwenyewe hakufungua mdomo kuomba. Mjane aliyefunguliwa kesi na shemeji zake wakitaka atoke kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe hapangiwi mtu. Samansi, yaani wito wa mahakama, inamfikia, tarehe inakaribia, na asipouliza, huenda asiambiwe na yeyote kwamba sheria imemfikiria na yeye.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo: yupo Tanzania Bara, ana kesi ya ardhi, mirathi, ndoa, deni, kazi au pango, na hana fedha ya wakili. Zanzibar ina mahakama zake na sheria yake ya msaada wa kisheria, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba akaulize huko huko, hasa hesabu za siku.

Haki yenyewe ikoje

Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 13(6)(a), inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu haki na wajibu wake unapoamuliwa, na haki ya kukata rufaa. Neno wakili halimo. Ndiyo maana miaka mingi ilieleweka hivi: kwenye kesi ya madai una haki ya kuwa na wakili kama unaweza kumlipa. Kama huwezi, Mungu akusaidie.

Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, ambayo sasa ni Sura ya 21 ya sheria za nchi. Sheria hii imefungua milango miwili kwa asiye na uwezo. Wa kwanza, anaweza kwenda mwenyewe kwa mtoa huduma aliyesajiliwa, akahudumiwa bure. Wa pili, ambao watu wengi hawaujui, jaji au hakimu anayesikiliza kesi ya madai, akiona haki inataka mtu huyu asaidiwe na uwezo wake haufiki, anaweza kuagiza apatiwe msaada huo. Mlango huu wa pili unahitaji ubishwe hodi. Hakimu ana majalada mengi mezani na hawezi kujua hali ya nyumbani kwako usipomweleza.

Hatua ya kwanza: soma karatasi uliyoletewa

Ukiletewa samansi, ipokee na usaini. Wapo wanaoshauriwa na majirani wakatae, eti kesi itakufa. Haifi. Mpeleka wito ataapa kwamba ulikataa, mahakama itahesabu kuwa umepata taarifa, na kesi itaendelea bila wewe kusikilizwa. Ukishasaini, chukua kalamu papo hapo uandike kwenye nakala yako tarehe uliyoipokea. Tarehe hiyo ndiyo inayoanzisha hesabu.

Kisha angalia juu kabisa, palipoandikwa jina la mahakama au baraza, maana hapo ndipo utajua ni nani anaruhusiwa kusimama na wewe. Chini yake kuna namba ya kesi na mwaka wake, halafu majina: mdai ni aliyefungua, mdaiwa ni aliyefunguliwa. Halafu tarehe na saa. Angalia pia kama samansi imeambatana na hati ya madai, zile kurasa zinazoeleza anachokudai na anachoomba mahakama imwamulie. Kama haimo, nenda masijala, ofisi ya mahakama inayotunza majalada, uombe nakala siku hiyo hiyo.

Ikiwa ni Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, unatakiwa kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipopokea wito. Siku hizo hazisimami kwa sababu unatafuta wakili. Zikikukimbia, sheria inaruhusu uombe nyongeza ya siku 10, lakini ombi lenyewe liwahi: kabla siku 21 hazijaisha, au ndani ya siku 7 baada ya kuisha, na uwe na sababu ya maana. Ukipitisha hapo, mdai ataomba hukumu ya upande mmoja, na kuitengua hukumu ya namna hiyo ni safari nyingine kabisa.

Kama ni wewe unayetaka kufungua, na kwako zipo hesabu: madai ya mkataba miaka 6, ardhi miaka 12, kuumizwa au kukashifiwa miaka 3. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa Fomu Na. 1, migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Hizi siku 30 zimewaponza wafanyakazi wengi waliokuwa wakisubiri mwajiri apoe hasira.

Hatua ya pili: jua pale ulipo nani anaruhusiwa kukusemea

Usitafute wakili kabla ya kujua kama anaruhusiwa kuingia.

Baraza la Kata haliruhusu wakili. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza hili haliamui tena nani mwenye ardhi; kazi yake ni kuwapatanisha. Likishindwa ndani ya siku 30, unaruhusiwa kwenda mbele. Mfano wake kwenye ndoa ni Baraza la Usuluhishi la Ndoa: chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka bila hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Katika mabaraza haya huhitaji mwanasheria wa kukusemea, ila unahitaji kuelezwa mapema usikubali nini. Mtu akisaini muhtasari wa baraza asioufahamu, karatasi ile ataikuta tena mbele ya safari.

Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imefungwa kwa mawakili kwa miongo mingi. Mabadiliko ya 2021 yameifungua, lakini pale tu inapoongozwa na Hakimu Mkazi, kwa hiyo muulize karani: anayesikiliza ni Hakimu Mkazi? Akikwambia hapana, bado una njia. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inaruhusu, kwenye kesi za madai, ndugu au mtu wa kaya yako asimame kwa niaba yako ukiiomba mahakama ikubali. Mama mzee anayesahau tarehe anaweza kumleta bintiye. Wengi hawalijui hili, wanakwenda wenyewe wanatetemeka, huku mtoto aliyesoma kakaa benchi la nje.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linakubali wakili, na linakubali pia ndugu au mtu wa kaya. CMA unaweza kwenda na wakili, kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au mwakilishi uliyemchagua. Kama chama kimekuwa kikikukata mshahara kila mwezi, kaanze huko, ndiyo kazi yake.

Mahakama ya Wilaya kwenda juu ni wewe mwenyewe au wakili. Hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumpa ndugu mamlaka ya kusimama badala yako, inawezekana, lakini mahakama itataka kujua kwa nini mwenyewe hufiki, na ukikosea namna ya kuitumia kesi nzima inaweza kutupwa. Usiichukulie kama njia ya mkato.

Hatua ya tatu: nenda kwenye msaada wa bure, na uende umejiandaa

Wapo wa aina mbili, na ni vizuri usiwachanganye. Wasaidizi wa kisheria ni watu wa kata na wilaya yako waliopewa mafunzo na kusajiliwa. Watakueleza sheria, watakusaidia kuandika, watakuelekeza mahakama sahihi, watakupatanisha na mwenzako ikiwezekana. Hawasimami mahakamani kama mawakili. Wa pili ni mashirika yenye mawakili ndani: Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC), na mawakili wanaojitolea kupitia Chama cha Wanasheria Tanganyika (TLS). Wizara ya Katiba na Sheria nayo imekuwa ikizungusha mikoani Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia tangu 2023, na kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, Mahakama huweka mabanda ya ushauri wa bure.

Usiyemjua yeyote kati ya hawa, nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au halmashauri uulize, "Watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa hapa kwetu ni akina nani?"

Unapokwenda, beba samansi na hati ya madai, barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji inayokutambulisha na kueleza hali yako ya kipato, kitambulisho, na kila karatasi inayohusu jambo lenyewe: mkataba wa mauziano, risiti, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, meseji za simu. Usichuje. Karatasi unayoiona haina maana, au unayoiogopa, ndiyo ambayo wakili anapaswa kuiona kwanza, kwa sababu upande wa pili huenda wanayo nakala yake.

Huduma hii ni bure kwa mujibu wa sheria. Msaidizi wa kisheria akikuomba "ya kufungulia faili", mkatalie kwa heshima na utoe taarifa kwa msajili msaidizi wa watoa huduma wilayani kwako. Ada za mahakama ni kitu kingine. Hizo hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, si kwa simu ya mtu. Na kama ada nazo zinakushinda, waulize wakusaidie kuandika ombi la kusamehewa.

Ukikataliwa huduma, omba jibu la maandishi. Utalitumia hatua inayofuata.

Hatua ya nne: iombe mahakama yenyewe

Andika ombi fupi. Hakuna haja ya Kiingereza: tangu 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na Kiingereza kinabaki kwa pale tu haki inapokihitaji. Linaweza kuwa hivi:

KATIKA MAHAKAMA YA WILAYA YA ……
KESI YA MADAI NA. …… YA MWAKA ……
Kwa Hakimu Mfawidhi
YAH: OMBI LA KUPATIWA MSAADA WA KISHERIA
Mimi ni mdaiwa katika kesi iliyotajwa hapo juu. Kesi inahusu nyumba ninayoishi na wanangu watatu, na sina makazi mengine. Naishi kwa kuuza mboga. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kuhusu kipato changu nimeiambatanisha. Tarehe …… nilikwenda ofisi ya msaada wa kisheria ya …… nikajibiwa kwamba …… Mdai anawakilishwa na wakili. Kesi ina hoja za mirathi na umiliki ambazo siwezi kuzieleza vizuri bila mtu aliyesomea sheria. Naomba Mahakama, kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria, Sura ya 21, iagize nipatiwe msaada huo, na niongezewe muda wa kuwasilisha utetezi wangu.

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Hakimu anapima mambo mawili, uwezo wako na maslahi ya haki. Mboga na barua ya mwenyekiti zinajibu la kwanza. Nyumba, watoto, wakili wa upande wa pili na ugumu wa hoja zinajibu la pili. Sentensi ya kwamba ulishajaribu kwingine inaonyesha hukuja kupoteza muda wa mahakama. Usitie chumvi. Ukisema huna kitu kabisa halafu wakili wa mdai akatoa picha ya bodaboda yako, hata uliyosema kweli hayataaminika.

Peleka nakala masijala, igongwe muhuri wa kupokelewa, moja ubaki nayo. Hapo kazi haijaisha. Siku kesi inapotajwa, ukiitwa simama useme kwa sauti ya kusikika: "Mheshimiwa, niliwasilisha ombi la msaada wa kisheria tarehe fulani. Naomba lishughulikiwe kabla ya kuendelea, na naomba liandikwe kwenye mwenendo wa shauri." Mwenendo ni kumbukumbu ya maandishi ya yote yanayosemwa na kufanyika mahakamani, na maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko yanavyoonekana. Siku ukikata rufaa, mahakama ya juu haitakuuliza ulijisikiaje, itasoma mwenendo. Kilichoandikwa humo kilitokea, kisichoandikwa ni vigumu sana kukithibitisha.

Likikubaliwa, fuatilia mwenyewe. Agizo linakwenda kwa mtoa huduma mwenye mafaili mengine mengi, na anayepiga simu kila wiki kwa adabu ndiye anayekumbukwa. Likikataliwa, uliza sababu, shukuru, na uendelee na kesi.

Wakati huo huo, utetezi wako wasilisha ndani ya siku zake hata kama umeuandika kwa msaada wa msaidizi wa kisheria tu. Usikae kusubiri jibu la ombi huku siku 21 zinayeyuka.

Hatua ya tano: kama unaweza kulipa kidogo

Ukifanikiwa kuchangisha ndugu, si lazima umlipe wakili kwa kesi nzima. Unaweza kumlipa aandike utetezi tu, au akae na wewe saa moja akuonyeshe maswali ya kuuliza mashahidi. Kama fedha inatosha jambo moja pekee, mimi ningeitia kwenye utetezi wa maandishi, kwa sababu usilolitaja humo ni shida kulileta baadaye.

Jihadhari na vishoka, watu wanaojifanya mawakili. Wanasubiri nje ya geti la mahakama na suti zao, wanajua majina ya makarani, wanapokea hela na hawatoi risiti. Jina la wakili wa kweli lipo kwenye orodha ya mawakili, na Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambamo unaweza kulitafuta kwa simu yako. Hati iliyoandaliwa na kishoka inaweza kutupwa, nawe ukaanza upya huku muda umekwisha.

Malipo yaandikwe: kiasi gani, kwa kazi gani, awamu ngapi. Chukua risiti. Wakili akikuacha njiani au akila fedha za mteja, malalamiko hupelekwa Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili na yenye mamlaka ya kumwadhibu.

Hatua ya sita: ikibidi usimame mwenyewe

Wengi wameshinda bila wakili, na wengi wameshindwa kwa kukosa tarehe tu. Ukiumwa, tuma mtu na cheti cha hospitali kabla kesi haijaitwa. Mdaiwa asipotokea, kesi husikilizwa upande mmoja. Mdai asipotokea, hufutwa.

Katika kesi nyingi mtapelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Hapa ndipo mtu asiye na wakili anapoumia kimya kimya. Mnakaa chumba kidogo, mazungumzo ni ya kirafiki, umechoka, na mbele yako kuna karatasi ya makubaliano. Ukisaini na mahakama ikaisajili, inakuwa hukumu, na hukumu iliyotokana na maridhiano kwa kawaida haikatiwi rufaa. Omba muda ukaisome na msaidizi wa kisheria. Siku mbili tatu hazikatazwi, na anayekuharakisha usaini sasa hivi ana sababu zake.

Kwenye ushahidi, vielelezo viwe halisi, si fotokopi. Mkataba wa mauziano au pango ambao haukulipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kupokelewa, hivyo peleka TRA ukalipie mapema. Kielelezo lazima kiombwe kipokelewe: "Mheshimiwa, naomba Mahakama ipokee hati hii kama kielelezo." Ukikionyesha tu ukakirudisha kwenye mfuko, mahakama haitakitumia. Zamu yako ya kumuuliza shahidi wa upande wa pili ikifika, uliza, usihutubie. Swali fupi, moja moja, kuhusu alichosema yeye. Usipomuuliza jambo, inaweza kuchukuliwa kwamba umelikubali.

Usipoelewa neno, sema hujaelewa. Hakimu anawajibika kuhakikisha unafahamu kinachoendelea, na hatakuona mjinga.

Hatua ya saba: siku ya hukumu

Nenda hata kama umechoka na kesi. Ukishindwa, omba nakala ya hukumu, ya tuzo (hati fupi ya amri zilizotolewa kwenye hukumu) na ya mwenendo kwa barua, siku hiyo hiyo, na barua yako igongwe muhuri. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu siku 30 tena. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Aliyeshindwa huweza pia kuamriwa alipe gharama za mwenzake, pamoja na za wakili wake, kwa hiyo kabla ya kukimbilia rufaa pitia tena ofisi ya msaada wa kisheria ukaulize kama hoja zipo.

Ombi la msaada wa kisheria linaweza kufanywa tena kwenye rufaa, hata kama kule chini lilikataliwa. Tumia ombi lile lile, badilisha jina la mahakama na namba ya kesi, na ambatanisha nakala yenye muhuri ya ombi la kwanza.